Pumzi za Kuazima

Miaka thelathini na minne Hilkka alilala na goti lake la kulia likiwa macho. Mwili wote ulipumzika kama wa watu wengine, lakini goti halikuwahi kupata likizo. Veijo, mumewe, alikuwa anakoroma. Kukoroma kwenyewe hakukuwa neno. Mwanamke wa Kainuu, huko kaskazini mwa Finland, aliyeolewa na dereva wa lori la magogo hawezi kudai kimya kitandani. Kilichomtisha ni pale mkoromo ulipokatika. Veijo alivuta sauti ndefu, kama mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu ya mbao, kisha ghafla kimya. Kifua kinapanda, tumbo linahangaika, hewa haiingii. Hapo Hilkka, bado nusu usingizini, alianza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Akifika kumi na tano goti lilikwenda lenyewe mgongoni kwa mumewe, na Veijo aligutuka, akameza hewa kwa pupa kama mtu aliyevutwa kutoka kwenye tundu la barafu, akageuka ubavu, na mkoromo ukaanza upya.

Asubuhi hakukumbuka chochote. "Nimelala kama gogo," alisema akimimina kahawa, "na nimechoka kama aliyelibeba."

"Gogo halipigi kelele," Hilkka alimjibu, yeye mwenyewe macho mekundu.

Kijijini jambo hili lilikuwa mzaha wa kudumu. Kila vuli Veijo alikwenda na wenzake kumi kuwinda hirvi, yule mnyama wa misituni mwenye pembe pana kama sinia, na kambi yao ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Mwaka wa kwanza walivumilia. Mwaka wa pili walipiga kura, kumi kwa mmoja, Veijo akahamishiwa kwenye ghala dogo la zamani upande wa pili wa uwanja. Wakampa jiko la kuni na kitanda kizuri kuliko vyao, na Ensio, kiongozi wa wawindaji, akaandika mlangoni kwa chaki: HAPA ANALALA DUBU. Veijo alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu mkubwa, shingo nene, mwepesi wa kutaniwa. Kuchekwa alikuweza, kuonewa huruma ndiko hakukuweza.

Mzaha uliisha Machi moja, saa nne asubuhi, jua likiwaka juu ya theluji. Pale njia panda, masanduku ya barua ya kaya tisa yalikuwa yamepigiliwa kwenye ubao mmoja, yamejipanga kama kuku kwenye kitulio. Veijo alikuja na lori limejaa magogo, akayafyeka yote tisa. Mbao zilipopasuka ndipo alipoamka. Alidhani amegonga mnyama, akashuka kumtafuta, akakuta barua zimetapakaa thelujini.

"Veijo kachoka kusoma," Ensio alisema dukani, watu wakacheka.

Hilkka hakucheka. Chini ya ubao ule, saa mbili kila asubuhi, watoto wa shule husimama wakingoja basi. Jioni hiyo alimwekea mumewe sahani ya samaki na viazi mezani, akakaa mbele yake, akasema: "Kesho unakwenda kwa daktari. Usipokwenda, naficha funguo za lori ndani ya unga, na unga wangu hujui uko wapi."

Alikwenda. Akapewa mkanda wa kufunga kifuani na kibano cha kidoleni, alale navyo nyumbani usiku mmoja. Waliporudi hospitali, muuguzi wa kliniki ya usingizi alikuwa binti mwenye mikono ya haraka, jina lake Minttu. Aliwaketisha wote wawili mbele ya kioo cha kompyuta.

"Mzee, pumzi yako inakatika mara arobaini na saba kwa saa," alisema.

"Kwa usiku, unamaanisha," Veijo alisema.

"Kwa saa."

Hilkka aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyekamatwa. Miaka yote ile alikuwa akihesabu vibaya. Zile alizozishtua na goti zilikuwa chache tu. Nyingine zote Veijo alipigana nazo peke yake, mke akiwa kando amelala.

Minttu alieleza kwa utaratibu. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengi haina neno. Kwa Veijo, mwenye shingo ile na ulimi ule, njia ya hewa inajifunga, sawasawa na mpira wa kumwagilia bustani ukikanyagwa. Damu inakosa hewa, moyo unapiga kwa nguvu, ubongo unashtuka na kumwamsha sekunde moja au mbili ili avute. Hajui kama ameamka. Kisha analala, koo linajifunga tena.

"Kwa hiyo usiku kucha hajalala," Hilkka alisema.

"Usiku kucha anapanda mlima, mama. Na moyo wake unapanda naye."

"Dawa yake nini?" Veijo aliuliza.

"Hewa." Minttu akatoa barakoa laini ya mpira yenye bomba refu, na mashine ndogo inayokaa kwenye kimeza cha kando ya kitanda. "Hii inapuliza hewa kidogo kidogo ili koo lisijifunge. Haiponyi, mzee. Inashikilia mlango tu. Ukiivua, mlango unafunga. Kupunguza uzito kutasaidia, kulala ubavu kutasaidia, bia ya kabla ya kulala uiache. Lakini hii ndiyo fimbo yako ya kutembelea."

"Na lori?"

Hapo Minttu alipunguza sauti. Lori lilikuwa limesimamishwa, na lingesimama mpaka daktari aridhike. Mashine yenyewe ingetuma taarifa hospitali kila asubuhi: mzee amevaa masaa mangapi, pumzi imekatika mara ngapi. Masaa manne au zaidi, karibu kila usiku. Namba zikiwa nzuri, anaendesha. Zikiwa mbaya, haendeshi.

Wiki sita Veijo alikaa nyumbani bila lori, na ilikuwa kama kukaa na samani isiyo na mahali pake. Ukimsogeza huku, yuko njiani. Ukimsogeza kule, yuko njiani. Alikuwa ameanza kuendesha akiwa na miaka kumi na tisa. Hakujua Jumanne ya mtu asiyeendesha inafananaje. Alikwenda njia panda, akajenga ubao mpya wa masanduku ya barua, imara kiasi cha kuzuia kifaru, akarudi, akakaa tena dirishani akitazama malori ya wenzake.

Lakini alivaa ile barakoa. Na wiki ya pili ikatokea asubuhi ambayo Hilkka hakuisahau. Aliamka mwenyewe, jua liko juu, goti halijauma. Veijo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bomba linaning'inia shingoni, anamtazama.

"Nimeota," alisema kwa mshangao. "Hilkka, nimeota ndoto. Nilikuwa navua samaki na baba."

Alikuwa hajaota miaka mingi. Siku hiyo alipasua kuni mpaka jioni, akiimba vibaya. Mei alirudishiwa lori. Kiangazi kile kilikuwa kizuri kuliko vyote vya ndoa yao, na hilo Hilkka alilisema waziwazi hata mbele ya wageni, jambo ambalo watu wa kwao hawalisemi.

Kisha vuli ikaja na uwindaji. Wiki ya kwanza ya Oktoba Veijo alikwenda kambini siku tisa mfululizo, mashine akaiacha nyumbani. Baada ya hapo ikawa kila Ijumaa mpaka Jumapili. Katikati ya mwezi, ndani ya lile sanduku jipya la barua, Hilkka akakuta barua ya hospitali. Masaa yameshuka sana, ilisema. Yasipopanda kabla ya Novemba kuisha, daktari atalazimika kusimamisha tena ruhusa ya kuendesha.

"Ichukue kambini," Hilkka alimwambia. Alikuwa anakanda unga wa mikate ya iliki, na Veijo amesimama mlangoni, begi la safari begani.

"Kambini hakuna umeme."

"Ensio ana jenereta."

"Linazimwa tukienda kulala. Na hata lingewaka, nivae pua ya tembo mbele ya wanaume?"

"Unalala peke yako ghalani, nani atakuona? Panya?"

"Watauliza waya unakwenda wapi. Nitasema nini? Kwamba mzee mgonjwa? Watanionea huruma, Hilkka. Ensio ataanza kunipa njia fupi na kunibebea bunduki. Bora nife."

"Basi usiende wikendi hii."

Akamtazama kama aliyeambiwa asile. Wiki mbili walikuwa wakigombana hivi, na Hilkka alichoka. Akaupiga unga juu ya meza, vumbi jeupe likaruka, akasema: "Haya, iache! Nitaivaa mimi. Mashine haijui sura ya mtu."

Alisema kwa hasira, na mara wote wawili wakasikia kwamba ni shauri zuri.

Usimdharau Hilkka kwa hilo. Wale ni watu wasiovuka taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu na theluji imefika magotini. Ukiangusha pochi kijijini kwao, unaikuta imetundikwa juu ya kichaka, na kila kitu ndani. Lakini wape namba ya kutimiza, wataitimiza. Barua ilidai masaa. Hakuna mahali ilipouliza ni mapafu ya nani.

Ijumaa ile alilala upande wa Veijo, karibu na kimeza, akafunga mikanda nyuma ya kichwa chake. Barakoa ilinukia mumewe, sabuni ya lami na kahawa. Hewa ikaingia polepole, baridi, na sauti yake ikajaa masikioni kama mvua ya mbali. Hakukuwa na mtu wa kuhesabiwa. Alilala masaa saba na dakika kumi, na asubuhi kwenye kioo kidogo cha mashine kulikuwa na uso wa kijani unaotabasamu.

Wikendi zilizofuata alifanya vilevile. Mwanzo wa Novemba Minttu akapiga simu. Veijo alikuwa barabarani, Hilkka akapokea.

"Mwambie mzee hongera, mama. Masaa saba, masaa saba, masaa nane! Na pumzi haikatiki, yaani safi kabisa wikendi. Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa hivi."

Jioni Hilkka alimpa mumewe salamu hizo. "Umekuwa mgonjwa wa mfano. Wanafikiria kukutundika ukutani."

"Mwambie nalala kama mwanamke mwema," Veijo alisema, na walicheka mpaka mbwa akabweka.

Uongo ukishapata kiti haukai kwa wikendi tu. Wiki ya pili ya Novemba Veijo alishikwa na mafua, pua imeziba. Jumatatu usiku aliishika barakoa, akaiweka chini. "Vaa wewe leo," alisema. "Usiku mmoja." Zikawa tatu. Siku hizo tatu Hilkka alilala kando ya mumewe akiwa na ile mvua ya mbali masikioni, hakusikia mkoromo, hakusikia ulipokatika. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, goti lake lililala na Veijo akiwa pale pale.

Ijumaa akaenda kambini, bado anakohoa. "Lala ubavu," Hilkka alimwambia dirishani mwa gari.

"Ndiyo, mkuu wa kliniki."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho, na hayakuwa mabaya. Baadaye alijifariji nayo alipoweza.

Jumamosi asubuhi aliamka, akavua barakoa, akaenda jikoni kuwasha kahawa. Akaona gari la Ensio linaingia uwanjani. Ensio alishuka, akavua kofia yake ya rangi ya chungwa, akasimama kwenye theluji mpya bila kusogea. Hilkka alitoka na soksi tu miguuni.

"Nani kapigwa risasi?" aliuliza.

"Hakuna aliyepigwa, shemeji. Hakuna aliyepigwa." Ensio aliikunja kofia mikononi. "Nilimpelekea kahawa. Nikagonga, nikamwambia toka dubu, kumekucha. Hakuamka. Veijo hakuamka."

"Alikuwa amelalaje?"

"Shemeji?"

"Ubavu au chali?"

"Chali," Ensio alisema. Kisha akamwangalia usoni, kwenye ile mistari miwili myekundu iliyotoka puani kwenda masikioni, akadhani amelala vibaya kwenye mto.

Walimzika mwanzo wa Desemba, ardhi ikiwa tayari ngumu. Wawindaji kumi walibeba jeneza, wakanywa kahawa kanisani wameinamisha vichwa. Daktari aliandika moyo. Ulikuwa umechoka miaka mingi, alisema, na usiku ule ukasimama. Watu wakasema amekufa kifo chema, usingizini, hakuteseka. Hilkka aliwashukuru mmoja mmoja. Yeye peke yake pale ndani alijua jinsi Veijo alivyolala, na kwamba hakuna usiku aliolala bila kuteseka ila zile za kiangazi kimoja.

Mashine ilikuwa ya hospitali, ilipaswa kurudishwa. Akaiosha barakoa kwa maji ya vuguvugu, akafuta bomba, akaitia kwenye begi lake, akaendesha kilomita themanini. Minttu alimkumbatia. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mzee amefariki. Wapi na vipi hakujua.

"Nataka ujue jambo moja, mama," alisema, akageuza kioo cha kompyuta. "Huwa familia zinajilaumu. Wewe huna la kujilaumu. Ona. Mpaka usiku wa mwisho, Ijumaa kuamkia Jumamosi, masaa saba na robo. Pumzi safi. Alilala vizuri usiku ule."

Mstari ulikuwa wa kijani, umenyooka, unapanda na kushuka taratibu. Hilkka aliutazama. Ilikuwa pumzi yake mwenyewe.

"Oktoba nilikuwa na wasiwasi naye," Minttu aliendelea, kwa upole kabisa, bila kujua anafanya nini. "Zile siku za mwanzo hakuvaa. Nikawaza, huyu ni mwindaji, shida itakuwa kambi. Tuna betri ya kambini, ukubwa wake kama mkate mweusi, inamaliza usiku mzima bila umeme. Na barakoa ndogo ya puani tu, haionekani sana. Nusu ya wawindaji wangu wanazo. Nilishaliweka jina lake kwenye orodha ya kuitwa wiki inayofuata, na nilitaka daktari ausikilize moyo. Halafu ghafla namba zikawa nzuri, nikamfuta. Nikampa nafasi mwingine."

"Ukamfuta," Hilkka alisema.

"Hakuhitaji tena."

Palikuwa na mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na Hilkka alisimama mbele yake. Akasema asante. Akaweka begi mezani, akashuka ngazi, akakaa ndani ya gari mpaka vioo vikafunikwa na ukungu wa pumzi zake. Mficha maradhi kilio humuumbua, watu husema. Lakini mficha maradhi ya mwenzake je, yeye anaumbuliwa na nani? Hakuna aliyejua. Angeweza kufa nalo. Hata hapo, kwa aibu yake, alihisi nafuu kidogo.

Jumamosi ya wiki hiyo Ensio alikuja na sanduku la nyama. Kila mwisho wa msimu wawindaji hugawana hivi: nyama hupangwa mafungu juu ya turubai, mmoja anasimama akiyapa mgongo, mwingine anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka anataja jina bila kuona. Hakuna upendeleo, hakuna manung'uniko.

Ensio aliweka sanduku karibu na friza, akabaki amesimama na kofia mkononi. "Mimi ndiye niliyekuwa nimegeuka," alisema. "Wakauliza hili la nani, nikasema Aimo. Hili la nani, nikasema Pentti. Hili la nani, nikasema Veijo. Lilitoka tu, shemeji. Kwa miaka ishirini limekuwa la tatu. Hakuna aliyecheka wala kusahihisha. Wakaliweka kando."

Hilkka akamvutia kiti. Akamimina kahawa. Ensio hakuinywa. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, ambaye kijijini hakuna aliyewahi kumwona analia, na sasa machozi yalimtoka bila sauti.

"Ni sisi tuliomuua," alisema. "Tulimtupa ghalani ili tulale. Mimi ndiye niliyeandika ule mlango. Angekuwa chumbani na sisi, mmoja angesikia. Mmoja angemtikisa. Sasa tunalala wote chumba kimoja, kimya, na hakuna anayepata usingizi. Nimemwambia Pentti achome lile ghala."

Hilkka aliangalia ile kahawa inayopoa. Ensio angeondoka hivyo. Angebeba ghala lile mgongoni mpaka kaburini, na angemwachia yeye jina la mke mwema. Lilikuwa jambo jepesi: kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi wanayoiweza watu wote wa Kainuu.

"Msichome kitu," alisema. "Si ghala. Ni mimi."

Akamwambia yote. Masanduku ya barua, mashine, masaa, barua ya Oktoba, unga juu ya meza. Mistari ile miwili usoni. "Hospitali walikuwa wamwite. Wangempa betri ya kambini, wangemsikiliza moyo. Labda angekufa vilevile, daktari hawezi kuapa. Lakini hawakumwita, kwa sababu kila wikendi mimi niliwaambia kwamba Veijo mzima. Niliwaambia kwa mapafu yangu."

Ensio hakumlaumu. Alisema, akiangalia meza: "Ninayo na mimi."

"Unayo nini?"

"Hiyo mashine. Mwaka wa tatu huu. Iko chini ya kitanda nyumbani. Kambini siipeleki. Nalala kona ile ya mbali, najilazimisha kukesha mpaka wenzangu walale, wasinisikie. Siku ya ile kura, shemeji, nilipiga kura Veijo atoke, kwa hofu kwamba nikimtetea watanishuku na mimi."

Mbwa alijinyoosha chini ya meza. Hilkka alimwangalia mwanamume huyu wa miaka sitini na tatu, akaona mifuko chini ya macho yake, uzito wa kope, mambo aliyoyajua kama anavyojua jikoni kwake. Wanaume wawili, kambi moja, ugonjwa mmoja, na kati yao uwanja wa hatua ishirini.

"Na wikendi anaivaa nani?" aliuliza.

"Hakuna. Namba zangu zinaruhusu." Akapangusa uso. "Nawe ulilala, shemeji? Usiku ule?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna mwingine aliyemuuliza.

"Nililala vizuri sana," alisema. "Hicho ndicho kinachoniua, Ensio. Nililala usingizi mtamu."

Ndipo akalia, kwa sauti, mikono juu ya meza, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ensio hakujua afanye nini. Akanyanyuka, akafungua friza, akaanza kupanga nyama, pakiti moja moja. Kila moja ilikuwa imeandikwa jina la Veijo kwa kalamu nyeusi.

Mlangoni Hilkka alimshika mkono wa koti. "Leo usiku utaivaa."

"Nitaivaa."

"Na kambini. Uwaambie. Uiweke katikati ya chumba, na anayetaka kucheka acheke. Wengine wanayo chini ya vitanda vyao, nakuhakikishia."

"Nitawaambia," Ensio alisema. Akavaa kofia, akaenda.

Jumatatu saa mbili asubuhi, kliniki ilipofungua tu simu, Hilkka alipiga. Alikuwa ameketi kitandani, upande wa Veijo, mbele ya kimeza kitupu.

"Minttu, ni mimi, mke wa Veijo. Nataka mwandike jambo kwenye faili lake. Alifia kambini, si nyumbani. Mashine ilikuwa hapa. Yale masaa ya wikendi hayakuwa yake. Zile pumzi zote nzuri zilikuwa zangu. Na wawindaji wenu wengine, muwaangalie Jumamosi zao."

Upande wa pili hakukuwa na jibu. Simu haikukatika, alisikia kompyuta ikinguruma mle ofisini, na kimya juu yake. Hilkka hakumharakisha. Alifumba macho, akaanza kuhesabu, kama alivyozoea. Moja, mbili, tatu. Kumi na tano ilipita, goti likasogea lenyewe juu ya shuka tupu. Alipofika kumi na tisa, mtu alivuta pumzi.